Usukani Uko Kushoto

Siku ya kugawa kihamba kaka Kundaeli alipata migomba ya juu,
mdogo wetu akapata nyumba, ndiyo desturi,
na mimi, mtoto wa kati, nikaambiwa: chukua lile gari.
Watu walicheka. Nami nilicheka, huku nimeuma meno.

Lilikuwa Uru, chini ya banda la mbuzi:
Mustang ya sitini na saba, silinda nane,
deni la mshahara. Mwenye shamba la kahawa
aliondoka hajamlipa baba miezi kumi na minne,
akaacha funguo mezani.
Kuku walitaga ndani ya boneti.
Nilihesabu mayai manane, nikasema
haya, angalau kila silinda ina kitu.

Trekta ilituvuta mpaka Pasua,
magurudumu yameng'ang'ania ardhi
kama ndugu anayekataa kutia sahihi.

Miaka mitatu.
Kutu niliikwangua mpaka usingizini.
Sakafu ilikuwa chujio, ungekaa ndani
ungeiona njia ikipita chini ya nyayo zako.
Nikakata bati la pipa, nikalichomea,
nikaligonga polepole, maana bati hukumbuka umbo lake
na ukilikaripia linakunja uso.
Putti kidogo tu. Fundi wa putti nyingi ana jambo analificha.

Bushi alizikereza Aikande,
mstaafu wa kiwanda cha sukari,
anayepima kwa ukucha kwanza, kwa chombo baadaye,
na mara zote ukucha ndio unaoshinda.
Pistoni zilitoka Dubai, zikalala bandarini miezi mitano.
Kabureta niliisugua kwa mswaki wa mwanangu;
mpaka leo ananidai mswaki.

Lilipowaka, ekzosi ilikohoa moshi mweusi
ikatema mahindi, akiba ya panya wa Uru.
Kisha likanguruma.
Mbwa wote wa Pasua wakanyamaza.
Mlima ulikuwa umejifunika, haukuja kutazama.

Lakini gari la kutazamwa ni kabati.
Mimi nilitaka la kwenda nalo sokoni,
la kubebea saruji ikibidi, la kunyeshewa.
Nikafunga breki mpya, indiketa, mikanda,
nikakata bima.
Trafiki alilizunguka mara tatu akitafuta kosa,
akalikosa, akaomba kupigwa picha.

Tatizo lilinisubiri barabara ya Arusha.
Usukani uko kushoto, nasi twapita kushoto;
mbele yangu Fuso la vitunguu, limejaa mpaka mbinguni,
na mimi sioni kitu ila vitunguu.
Farasi mia mbili ndani ya chuma,
wote wamepanga foleni nyuma ya kiungo cha mchuzi.

Gari hili linataka macho ya mtu wa pili.
Nilimaliza wiki nzima nikiishika simu na kuiweka.

Kundaeli alikuja na viatu vya kanisani
na mkungu wa ndizi, wa migomba ile ile.
Akaulaza kiti cha nyuma bila neno,
akakaa kulia, magoti yamebanana, kama mgeni kwa daktari.
Weruweru, kimya. Njia panda ya Machame, kimya.
Karibu na Kwa Sadala tukalikuta Fuso,
kama si lile ni pacha wake.

Vipi huko?
Akatoa kichwa dirishani.
Subiri. Basi linakuja.
Subiri.
Bodaboda, na mwingine nyuma yake.
Mikono yangu ilitoa jasho kwenye usukani.
Mtu huyu alikwenda na kamba usiku
kupima mpaka wa sale na sale.
Sasa, akasema. Pita.

Nikakanyaga.

Hatukuongea habari za kihamba, si wakati ule,
wala Boma Ng'ombe tulipokunywa chai.
Aliniambia tu, akipuliza kikombe:
gia yako ya tatu inalia.

Inalia kweli. Jumatatu nitaifungua.